Jibu: Kushika dini na mila hakumfanyi mtu kuwa wa mrengo wa kulia kiuchumi

Ndugu, umeuliza kama mtu anayeshika sana dini na mila lazima awe wa mrengo wa kulia hata katika uchumi, yaani apendelee soko huria kuliko uchumi unaoongozwa na serikali, ambao ni wa mrengo wa kushoto. Hapana. Ni mambo mawili, na hapa Uganda yanaonekana wazi.

Chama cha DP (Democratic Party) kilianzishwa mwaka 1954 kikiegemea Wakatoliki. Chama cha UPC (Uganda People's Congress), mwaka 1960, kikavuta Waprotestanti wengi. Wengi walifuata kanisa lao kabla ya kuuliza nani atapanga bei ya kahawa. Halafu Milton Obote, kiongozi wa UPC na rais wa wakati huo, akatoa Hati ya Mtu wa Kawaida, mpango wa kuelekea mrengo wa kushoto, mwaka 1969, na Mei 1970 akatangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni kubwa. NRM, harakati ya Yoweri Museveni, nayo iliingia madarakani mwaka 1986 ikiwa na lugha ya mrengo wa kushoto, lakini mwaka 1987 ilikuwa imeshakubali masharti ya soko huria ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia. Uchumi uligeuka, wafuasi hawakubadili maadili yao ya nyumbani.

Mjomba wangu analima kahawa upande wa Mbale. Hakosi ibada ya Jumapili, na hataki kusikia binti ameolewa bila mahari. Lakini anataka zahanati na shule za bure. Tena hataki kabisa irudi ile bodi iliyonunua kahawa peke yake, maana anakumbuka malipo yalivyochelewa. Utamweka mrengo gani?

Ukimuuliza mtu msimamo wake, basi, uliza kuhusu familia na kuhusu kodi kila moja peke yake. Mimi naanza na kodi, kwani hapo watu hujibu kwa uwazi zaidi.