Re: Baba na babu walikuwa walevi, na mimi ndo basi tena?

Mkuu, umeuliza kama ulevi wa baba na babu ushakuandikia na wewe, na kama dawa za maumivu za jamii ya mofini nazo zitakunasa hivyo hivyo. Hapana aisee, hurithi ulevi wenyewe, unarithi wepesi wa kunaswa. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwenye pombe jeni zinachangia kama 50%, iliyobaki ni mazingira, stresi, umri ulioanza kunywa na kadhalika. Na hakuna jeni moja ya ulevi (magazeti yanaipenda sana hiyo stori), ziko nyingi mno na kila moja inasukuma kidogo tu.

Ila zipo chache zenye nguvu kweli. Ini linageuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu hiyo, halafu kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) cha ALDH2 kinaiondoa, sasa watu wengi wa Asia Mashariki wamerithi ALDH2 dhaifu, bia moja tu uso umeiva, moyo unaenda mbio, kichefuchefu juu, mtu kama huyo ulevi ataupatia wapi?

Kwenye opioidi, yaani hizo dawa za jamii ya mofini, kuna kimeng'enya kingine, CYP2D6, hii ndo inageuza kodeini (dawa ya maumivu) kuwa mofini, na kuna watu inafanya kazi kasi mno mpaka dozi ya kawaida inawazidi. Mwambie daktari historia ya familia kabla hajakuandikia chochote. Halafu pombe nayo inaamsha opioidi ambazo mwili unatengeneza wenyewe, ndo maana naltreksoni, dawa inayozuia opioidi zisifanye kazi, wanapewa waraibu wa pombe na wa heroini pia.