Barazani kwa Bibi: Maswali yenu ya Desemba

Desemba ikikaribia, maswali ya uhuru huja kama mvua za vuli, mengi kwa mpigo na mengine yana radi. Nimechagua machache. Walioniletea matusi wasihofu, sijayatupa, nimewawekea wenyewe.

Shikamoo Bibi. Mwalimu wetu anasema Uhuru wa Tanganyika, mabango ya mjini yanasema Uhuru wa Tanzania Bara. Nani kakosea? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Makorora)

Marahaba, mjukuu wangu. Mshike mwalimu wako. Bendera iliyopandishwa usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 ilikuwa ya Tanganyika. Muungano ulikuja 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania likafuata baadaye mwaka huohuo. Wenzetu wa Zanzibar wana uhuru wao wa 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yao ya mwezi uliofuata.

Hilo la "Tanzania Bara" ni woga tu. Ukilitaja sana jina la zamani, wapo wanaosikia serikali tatu, yaani Tanganyika nayo iwe na serikali yake, hoja iliyolitikisa Bunge 1993 ikarudi tena kwenye rasimu ya katiba ya 2013. Kwenye mtihani wewe andika Tanganyika.

Bibi, ni kweli Nyerere alikubali kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Muasia mmoja? Mbona huo ni usaliti! (Abuu, Ngamiani)

Ni kweli, na neno hilohilo lako ndilo lililosemwa Tabora, Januari 1958, kwenye mkutano mkuu wa TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru. Waafrika walikuwa wengi mno nchini, halafu wanaambiwa wagawane viti sawasawa na watu wachache. Juu yake yakawekwa masharti ya kipato, elimu au cheo, kiasi kwamba mkulima wa kawaida hakupata hata hiyo kura ya kugawa. Wajumbe walikwenda Tabora na hasira za kususa.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa fupi: tukisusa, viti vitachukuliwa na UTP, chama kilichokuwa kipenzi cha Gavana Twining, na serikali itauambia ulimwengu kwamba hao ndio wawakilishi wetu. Akashinda mjadala. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Uchaguzi ulipofanyika 1958 na 1959, wagombea walioungwa mkono na TANU wakazoa viti, UTP ikafa kibudu.

Mimi nadhani kwa haki Mtemvu alikuwa na hoja, ila hakuwa na watu. Aliposimama na Nyerere kugombea urais 1962 alipata kura 21,276 mbele ya mtu aliyepata zaidi ya milioni moja.

Lakini kinachosahaulika ni matokeo yake kwenye sera. TANU wakati ule kilikuwa chama cha Waafrika watupu. Kura tatu ilikilazimisha kutafuta Wazungu na Waasia wa kusimama nao. Ndiyo maana Oktoba 1961, wabunge kadhaa walipotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Mwalimu aliwajia juu na kusema serikali yake iko tayari kujiuzulu. Sheria ikapita bila kutazama rangi. Kwa mji kama Tanga, wenye Wahindi wa madukani na Wagiriki wa mkonge, hilo halikuwa jambo la vitabuni. Aliyetupimia vitambaa vya sare za shule alizaliwa hapahapa, na baada ya uhuru akabaki hapahapa, bado anapunja inchi mbili.

Babu yangu alikuwa manamba Korogwe. Alikuwa akisema wao ndio waliogoma uhuru ukaja, kisha uhuru ukawafunga midomo. Nilidhani ni uzee. (Mama Zuhura, Chumbageni)

Haukuwa uzee, mwanangu. Mwaka jana, kwenye kahawa ya jioni, nilimwomba jirani mmoja aliyekata mkonge ujanani anieleze kazi ilivyokuwa. Akachomoa chelewa kwenye ufagio, akahesabu 30 na kuzifunga. "Hili fungu moja," akasema, "majani 30." Kisha akachomoa moja, akalirusha fungu chini kwa ukali wa nyapara: "Limepungua, halihesabiwi!" Tulicheka, yeye hakucheka. Siku ambayo kazi haikutimia haikuandikwa kwenye kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na kipande kilitaka siku 30 za kazi ndipo ulipwe. Watu waliletwa na SILABU, ofisi ya mabwana mkonge ya kuandikisha vibarua, kutoka mikoa ya mbali hadi nchi jirani.

Ndiyo maana mgomo wa shamba la mkonge la Mazinde wa 1958, na iliyofuata, ilitikisa. TANU na vyama vya wafanyakazi walisaidiana, na serikali ya kikoloni iliona wazi kwamba mashamba yakisimama, nchi haina fedha. Katani ndiyo iliyokuwa ikiongoza kwa kuuzwa nje.

Sasa geuza sarafu. Mabwana wapya wakakalia kiti kilekile, na katani ndiyo ileile. Mwaka 1962 Bunge likapitisha sheria ya migogoro ya kazi: kila mgogoro upitie kwa kamishna, usuluhishi, kisha mahakama, hata mgomo halali ukawa jambo lisilowezekana. Mapema 1963, migomo ilipozuka mashambani, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba, Victor Mkello, alipelekwa kuishi Sumbawanga. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, vyama vyote vikavunjwa na kuundwa kimoja, NUTA, chini ya mkono wa serikali.

Tuwe wakweli, mishahara ilipanda, tena vizuri. Ila bei ya katani nayo ikaporomoka kuanzia 1964, nyuzi za plastiki zikaingia, na wenye mashamba wakapunguza watu. Aliyebaki kazini alipata nafuu. Aliyepunguzwa alirudi kwao au akabaki Tanga akiuza maji. Babu yako aliona pande zote mbili, mpe haki yake.

Bibi, kijiji chetu kimezungukwa na shamba la mkonge lililogeuka pori. Mkoloni kaondoka 1961, mbona ardhi haikurudi? (Msomaji, Muheza)

Kwa sababu haikuondoka mikononi mwa serikali. Waingereza waliiweka ardhi chini ya Gavana kwa sheria ya 1923. Tangu 1958 Mwalimu alipinga ardhi kumilikiwa moja kwa moja na mtu binafsi, akihofia tajiri ataizoa yote na maskini wawe wapangaji. Hivyo 1963 zile hati za milele, nyingi za tangu enzi za Mjerumani, zikageuzwa ukodishaji wa serikali. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yakataifishwa. Mwanakijiji aliamka mwenye shamba kabadilika, mpaka uko palepale.

Sheria za 1999 nazo zimemwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Shamba lisiloendelezwa hati yake yaweza kufutwa, lakini haifutwi kwa malalamiko ya kahawani. Anzeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na kusainiwa, upelekwe halmashauri. Na msianze kulima kabla, mtageuzwa wavamizi.

Ni kweli zamani treni ya Tanga haikufika Dar? (Dereva wa bodaboda, Mikanjuni)

Kweli kabisa. Reli yetu ilipanda Moshi, na kutoka huko ikaungana na ya Kenya. Kipande cha kutuunganisha na Reli ya Kati kupitia Ruvu kilifunguliwa 1963. Mkoloni alijenga reli ya kutoa katani bandarini, safari za ndugu hazikumhusu.

Bibi, sherehe za Uhuru zifutwe, pesa iende hospitali? (Mzee S., Raskazone)

Kufutwa kumeshafanyika, kaka yangu. Mwaka 2015 Rais Magufuli alifuta gwaride, siku ikawa ya usafi, tukashika mafagio. Mimi nilifagia mtaro wa nyumba yangu na wa jirani, ambaye alikuwa ndani akiangalia televisheni.

Gwaride kwangu si lazima. Ninachokosa ni ubishi. Mwaka 1961 nilikuwa darasa la nne, na nikumbukacho zaidi kuliko vibendera vya karatasi ni baba na rafiki zake wakibishana barazani hadi usiku, nani apewe kazi ya Mzungu na nani apewe shamba, mama akiwaletea kahawa mara ya tatu na kuuliza kama katika hiyo serikali mpya kuna atakayeosha vikombe.