Anthropolojia si mila za kale tu

Mdau, umeuliza sauti, afya na jinsia vinaingiaje kwenye anthropolojia ya utamaduni wakati "ni somo la mila za makabila". Kaa Manzese, Dar es Salaam, nusu saa tu. Utasikia vichupa vinagonganishwa. Kina dada ndani wanajua ni kijana wa kupaka rangi kucha, wala hajaita mtu. Mwanaanthropolojia Steven Feld, aliyeishi na Wakaluli wa Papua New Guinea, alionyesha kuwa watu huujua ulimwengu wao kwa kusikia pia. Halafu mtazame huyo kijana: mwanamume kachuchumaa barazani anasugua miguu ya mke wa mtu, na mtaa unapita zake (waume wengine wananuna, ila kimyakimya). Jinsia ndiyo hiyo: nani anaruhusiwa kufanya nini, na wapi.

Afya, chukua degedege, ile mishtuko ya mtoto mwenye homa kali. Tafiti za Bagamoyo miaka ya 1990 zilionyesha wazazi wakiitenga na malaria ya kawaida, kwa hiyo mara nyingi walianzia kwa mganga wa kienyeji. Daktari anaona malaria kali, bibi anaona kitu kingine kabisa. Mwanaanthropolojia hamcheki bibi. Anauliza nyumbani nani anaamua mtoto apelekwe wapi, na nauli anashika nani.