Taa Nyekundu ya CI Isizoeleke

Timu changa ikiniuliza ianze na zana gani ya CI, yaani mfumo unaoendesha majaribio ya msimbo wenyewe kila badiliko linapoingia, ninajibu: ile iliyo karibu na msimbo wenu. Mkihifadhi msimbo GitHub, tumieni GitHub Actions, iliyofunguliwa kwa wote Novemba 2019. Mkiwa GitLab, wekeni faili la .gitlab-ci.yml, kazi inaanza. Jenkins, iliyoitwa Hudson hadi 2011, ni imara na ni ya bure, ila inataka mtu wa kuilea: seva, programu-jalizi, masasisho. Watu watatu wanne wasijitwishe mzigo huo.

Lakini kuchagua zana ni kazi nyepesi. Ninachokisisitiza kwa vijana ninaofanya nao kazi ni kwamba jaribio likifeli, usiliendeshe upya mpaka lipite. Soma logi kwanza, yaani kumbukumbu ya kilichotokea.

Kwenye mfumo mmoja wa ankara tulikuwa na jaribio la kukagua tarehe. Kwenye kompyuta zetu lilipita daima. Kwenye CI lilipita mchana, likafeli usiku wa manane, asubuhi likapita tena. Ilikuwa rahisi kuulaumu mtandao. Kumbe mashine ya CI ilifuata UTC, saa ya marejeo ya dunia, nasi Dar es Salaam tuko saa tatu mbele. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kwetu ni leo, kwake bado ni jana. Seva ya wateja nayo ilikuwa kwenye UTC, kwa hiyo ankara ya saa saba usiku ingetoka na tarehe ya jana. Tukaandika Africa/Dar_es_Salaam wazi ndani ya msimbo, na jaribio tukalipa saa yake maalumu, saa saba usiku, lisitegemee saa ya mashine. CI ilikuwa inasema kweli muda wote.

Kasi nayo ni muhimu. Majaribio yakizidi dakika kumi, watu huacha kuyasubiri. Hifadhini vitegemezi, yaani maktaba za nje ambazo msimbo wenu unazitumia, kwenye kashe (hifadhi ya muda), visipakuliwe upya kila mara. Hazina za faragha kwenye akaunti ya bure ya GitHub zina kikomo cha dakika za kuendesha Actions kwa mwezi. Nywila na funguo ziwekwe sehemu ya siri ya zana, kamwe si kwenye faili.

Na tawi kuu la msimbo likiwa jekundu, yaani majaribio yake yamefeli, aliyeleta badiliko alirekebishe kabla ya kazi nyingine yoyote. Akikwama, badiliko lirudishwe nyuma kwanza, uchunguzi ufuate.