Katuni moja kwa watoto wa miaka 2 hadi 10?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Moshi. Nimeandika hadithi ya mtoto anayekwenda na bibi yake kuuza ndizi soko la Mbuyuni. Mchoraji niliyempata anataka tuweke katuni zenye macho makubwa na rangi kali, kwa kuwa "watoto wote wanapenda", na anasema kitabu kitafaa kuanzia miaka 2 hadi 10. Picha zote ameahidi kwa siku mbili. Je, mtindo huo unafaa?

JIBU: Haufai, Mwalimu. Hiyo ahadi ya siku mbili nitaifikia baadaye, maana ndiyo inayonitia shaka zaidi.

"Watoto wote wanapenda." Hapa Arusha siishi kuisikia kauli hiyo, kwa wazazi, kwa walimu, hata kwa wachapaji ambao walipaswa kujua. Wanadhani umri hupimwa kwa rangi: mtoto akiwa mdogo zaidi, rangi ziwe kali zaidi. Mimi naanza kwa kuuliza mtoto anaifanyia nini picha.

Wa miaka 2 anataja vitu. Anaweka kidole: kuku, ndizi, kikombe. Mpe kitu kimoja au viwili kwa ukurasa, mstari wa nje uwe wazi, nyuma pawe patupu, na kuku awe mzima, asikatwe miguu na ukingo wa karatasi. Kwa mchanga kabisa, anayeona vizuri kilicho sentimita 20 hadi 30 tu kutoka usoni pake, hata rangi zenyewe si kitu. Kinachomvuta ni nyeusi juu ya nyeupe. Safari ya sokoni ni ndefu mno kwa hao. Waache.

Wasomaji wako ni hao ulio nao darasani. Wewe unasoma maneno, wao wanasoma picha, na wanaisoma kwa ukali kuliko mtu mzima yeyote. Basi picha isirudie ulichokwisha kusema. Maandishi yaseme "Walishuka hadi sokoni", halafu picha ionyeshe mbuzi anayewafuata kwa nyuma, akila ndizi moja moja kutoka kwenye kikapu cha bibi. Usimtaje huyo mbuzi popote. Watoto watamwona kabla yako na watakukatiza kusoma, na hapo ujue kitabu kinafanya kazi. Umri huu unataka vitu vingi vya kuchungulia: mizani, miavuli, mama wa maparachichi anayesinzia. Katuni ya uso mkubwa mbele ya ukuta wa bluu inawanyima yote hayo.

Na hayo macho makubwa yanayong'aa yanajua mambo mawili tu, kufurahi na kushangaa. Bibi aliyechoka utamwonyeshaje? Mtoto anayemwonea haya mnunuzi? Hayo yanachorwa kwenye mabega, shingo na vidole. Rangi kali peke yake haina kosa. Edward Saidi Tingatinga alichorea rangi za kung'aa za mabati na baiskeli, lakini umbo la mnyama wake unalitambua ukiwa mbali. Umbo likiwa bovu, rangi hailiponyi.

Akifika darasa la kwanza na la pili mambo yanageuka, kwa sababu sasa anasoma mwenyewe na picha ni msaidizi wake. Sentensi ikisema "kikapu" na mchoraji akaweka kiroba, mtoto atasoma "kiroba" na utamlaumu bure. Herufi pia zikae mahali peupe, zisilazwe juu ya majani ya mgomba. Wa miaka 9 au 10 wanatosheka na michoro michache ya kalamu nyeusi. Ukiwapa katuni za chekechea, watakificha kitabu chini ya dawati.

Sasa siku mbili. Hakuna mkono unaochora kitabu kizima kwa siku mbili, mhusika akabaki yule yule. Huyo ana simu na programu ya akili mnemba. Sina ugomvi na mashine, nina ugomvi na kishoka anayeuza kitu ambacho hata hakukitazama. Kazi hizo huletwa kwangu "kurekebishwa kidogo": mtoto ana gauni la njano ukurasa wa 2, ukurasa wa 6 ana sketi na amekua miaka mitatu, mgomba una shina la mnazi, mlima umechongoka kama msumari. Watoto wa Moshi wanauona mlima wao kila mawingu yanapofunguka, Kibo bapa kushoto na Mawenzi yenye meno kulia. Watakuuliza mbele ya wageni huo ni mlima gani.

Kwa hiyo, wewe na yeyote anayetaka kutoa kitabu cha watoto, kabla ya kulipa chochote kikubwa dai mhusika achorwe mbele, ubavuni na nyuma, kisha michoro ya penseli ya kurasa zote kwa mpangilio. Wasomee watoto kwa michoro hiyo, utazame vidole vinakwenda wapi. Kishoka akisikia madai haya, simu yake huanza kutopatikana.

Halafu uchapaji. Kijani kinachowaka kwenye simu hufifia kikichapwa kwa wino nne, na karatasi isiyong'aa hunywa wino, hivyo ngozi ya bibi inaweza kutoka kama kivuli kisicho na macho. Mchoraji anapaswa kuiangaza mapema. Kitabu cha kubana kwa pini kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4. Hadithi yako nadhani itatosha 24. Omba nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika. Ukimuuliza mchapaji ni karatasi gani akakujibu "ya kawaida", chukua mswada wako uondoke.