Maswali yenu: Raskazone kuna nini zaidi ya kuogelea?

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Pasua hapa Moshi, Disemba nataka kuwapeleka wanangu wawili Tanga, bahari hawajawahi kuiona kabisa. Watu wananiambia Raskazone ila baba yao anasema ile ni bichi tu tutapoteza nauli. Kweli hakuna cha maana pale?
Mama Wawili, Moshi

JIBU: Marahaba mama. Nendeni! Na stori anza kuwasimulia hapohapo Moshi, wapitishe kwanza stesheni ya treni, maana ile rasi ya Raskazone na mji wenu ni ndugu. Novemba 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia, Mjerumani ndo anatawala huku, meli za Waingereza zilifika Tanga na askari kama 8,000, wengi Wahindi, ila wakaanza kwanza kuongea na wakubwa wa mji, muda ukaenda, kumbe huku Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Mjerumani, anapakia askari wake kwenye treni Moshi (reli ilishafika huko tangu 1911) wanateremka nayo mpaka Tanga. Waingereza wakashukia Raskazone usiku. Mjerumani alikuwa na watu kama 1,000 tu na akawashinda, na tarehe 4 katikati ya risasi nyuki wakatibuka wakauma kila mtu bila kuangalia yuko upande gani. Kesho yake Waingereza wakapanda meli wakaondoka, bunduki na risasi kibao wakaziacha. Watoto watacheka hapo kwenye nyuki, sawa, ila waambie pia kwamba waliokufa pale wengi ni Waafrika na Wahindi kwenye vita isiyowahusu, hilo mi linaniuma sana na sipendi lirukwe.

Njiani mtapita Bombo, jengo la kale la hospitali ya Mjerumani lipo juu kabisa linatazama bahari, liangalieni kwa nje tu msisumbue wagonjwa. Na kile kisiwa mtakachokiona ndani ya ghuba ni Toten, kina magofu ya misikiti.

Sasa kuoga. Mbalamwezi ikiwa kubwa au mwezi ukiwa ndo unaandama, maji yanakupwa sana kama saa nne asubuhi, mtakuta matope na mawe ya matumbawe yanayokata miguu, kaa wadogo wanakimbilia mashimoni. Hapo vaeni ndala mtembee muokote makombe, bahari inarudi na kujaa kama saa kumi jioni, ndo muwaachie watoto waingie na wewe uwe majini nao, sio umekaa juu na simu.