Mkataba umekwisha, akaunti bado iko wazi

SWALI: Ni mimi peke yangu ninayesimamia mifumo katika ofisi ya watu kama 60, wengi wakiwa na mikataba ya miezi sita sita. Utumishi hawaniambii mtu akiondoka. Nagundua nikiona meza tupu. Juzi nimekuta akaunti ya mwenzetu aliyemaliza mkataba miezi minne iliyopita ikiingia usiku kwenye mfumo wa wateja. Meneja anasema kumfungia mtu siku ya mwisho ni kumwita mwizi. Je, nizifute akaunti zote za walioondoka?

JIBU: Ndugu yangu, usifute. Funga. Tofauti ya hayo mawili mimi niliijua siku ya mshahara. Nilikuwa nimefuta akaunti ya mhasibu jioni ileile aliyoaga. Mwisho wa mwezi orodha ya malipo haikwenda benki, kumbe ilikuwa ikijituma yenyewe kila mwezi kwa jina lake. Nilikesha hadi saa tisa usiku nikitazama mstari mmoja mwekundu, "mtumiaji hayupo", na watu wanasubiri fedha zao. Akaunti iliyofungwa unaifungua kwa dakika moja. Iliyofutwa hupotea na ruhusa zake zote, na kuirudisha ni kazi.

Kubadilisha nywila tu hakutoshi. Simu ambayo ilikwishaingia inaweza kubaki ndani kwa siku kadhaa, kwa hiyo mtoe kwenye vifaa vyote. Angalia pia kama barua pepe zake zinajipeleka kwenye anwani yake binafsi. Halafu zile nywila za pamoja, ambazo idara nzima inazijua: hapo ndipo penye kazi kubwa, maana kila anayeondoka anaondoka nazo kichwani. Zibadilishe zote.

Kuhusu meneja, namwelewa, lakini anachelewa kulifikiria jambo hili. Tarehe ya mwisho iwekwe siku akaunti inapofunguliwa. Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti za ofisi, ina sehemu ya kuandika akaunti ikome lini, na mifumo mingine mingi inayo. Mwajiriwa aelezwe siku ya kwanza kabisa: akaunti yako inakoma na mkataba wako. Hapo hakuna aliyedharauliwa. Mkataba ukiongezwa, utumishi ndio watakaokutafuta wewe, tena mapema, kwa sababu mtu wao atakuwa hawezi kufanya kazi.

Na mwambie hili: mwaka 2021 wahalifu waliingia kwenye mtandao wa Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta nchini Marekani, kwa akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikufungwa. Nywila yake ilikwishavuja, na haikudai namba ya uthibitisho. Bomba lilisimama siku kadhaa, na kampuni ikalipa kikombozi cha dola milioni 4.4. Mwenye akaunti si lazima awe mbaya ndipo madhara yatokee. Kumfungia ni kumkinga pia, kwani taarifa za wateja zikivuja, jina litakaloonekana ni lake.

Hiyo ya usiku ifunge sasa hivi, na uhifadhi kumbukumbu za kuingia kabla mfumo haujazifuta. Kisha mpigie mwenye akaunti, kwa upole, umuulize simu yake ya zamani iko kwa nani.